Dalali na Ndama wa Chuma

Dalali hakuwa mtu wa kukutazama usoni kwanza. Alianza na magoti. Ukipita mbele ya geti lake ukienda dukani, macho yake yalishuka chini, yakapima miguu yako, yakapanda hadi kifuani, yakatua kwenye meno, ndipo salamu ikatoka. Mama yangu ni muuguzi, na amezoea yeye ndiye wa kupima wengine. Siku ya kwanza tulipohamia mtaa wa Waberi aliingia ndani akafunga mlango, akasema, "Yule mzee amenitazama kama nimeletwa mnadani." Hakukosea sana. Mzee alikuwa amekula ujana wake wote katika soko la mifugo la Garissa, akiwachagulia watu ng'ombe na ngamia, na jicho lake halikujua tena kupumzika.

Alizaliwa wapi sijui, na sikuuliza. Kumuuliza mzee wa Kisomali habari za ukoo wake ni kufungua bomba halafu kishikio kikatike mkononi. Utakaa hapo mpaka magharibi ukihesabiwa mababu. Mtaa mzima ulimwita Dalali. Mimi usoni nilimwita Awoowe, yaani babu, naye kwa desturi yao akanirudishia neno lilelile, maana kwao babu humwita mjukuu kwa jina la cheo chake mwenyewe. Mtu akiwa nyuma ya ukuta angesikia, "Awoowe, umeamkaje?" "Salama, Awoowe, umekula?" asijue nani kati yetu ana ndevu. Ndevu zilikuwa zake, nyekundu kwa hina. Nikimchosha aliniita Redio, kwa sababu, alisema, mimi ni kitu cha kelele ambacho betri yake haiishi. Jina likanishika. Mpaka mama yangu mzazi alikuwa akiniita Redio akitaka nioshe vyombo.

Mimi ni mtu wa kicheko. Pale shuleni ukikuta darasa la kidato cha tatu linacheka na mwalimu ameduwaa, usitafute mbali. Lakini nikimkumbuka Dalali sasa, huku mbali mama alikohamishiwa kazi, kinachotangulia si kicheko. Ni aibu. Kutembea naye mjini ilikuwa ni kutembea na aibu iliyovaa kikoi cha macawis chenye mistari na kushika bakora.

Tuanze na kochi. Mama alijinyima, akanunua kochi la kuketi watu watatu, likashushwa mbele ya majirani wote. Wengine walisema hongera. Dalali aliingia bila kuitwa, akapiga goti, akalipiga kochi ubavuni kwa kiganja, akatega sikio, akapiga tena. "Huyu ana njaa ndani," akasema. Mama akatabasamu kwa meno yaliyoumana. Krismasi haikufika kabla kochi halijabonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, na tangu hapo kila mgeni akizama, mama alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyelilaza na njaa.

Halafu siku ya wazazi. Mama alikuwa zamu, Dalali akajitolea kuja mahali pake. Mwalimu mkuu alisimama kuhutubia, na katika ule utulivu kabla ya neno la kwanza, sauti ya Dalali ikapaa kutoka safu ya mbele: "Huyu alibebeshwa mzigo akiwa bado mdogo. Tazama goti la kushoto." Mwalimu mkuu akasogea nyuma ya meza. Niliingiza kichwa ndani ya sweta langu, ambalo kwa bahati nzuri lilinunuliwa kubwa ili nikue ndani yake, na likawa na nafasi.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa jambo moja. Mkono wake ulimshika fahali puani, fahali akatulia kama mwanafunzi mbele ya naibu wa mwalimu mkuu, ila kuku wetu akikatiza uani Dalali alipanda juu ya kiti. Kuku hali, na samaki hataki kusikia. "Ndege si nyama," alisema. "Ndege ni kelele yenye manyoya." Alihubiri subira kwa kila mtu, halafu akanywa chai inayochemka bila kungoja, akifuta machozi. Alisema umbea ni dhambi, na kama ulitaka kujua nani amegombana na nani Waberi, ulikuwa unampelekea tu thermosi ya shaah, yaani chai, na kukaa kimya, jambo ambalo kwangu lilikuwa gumu.

Na kila Desemba alituchagulia mbuzi wa Krismasi. Alikwenda sokoni mwenyewe, akarudi akimvuta, akamchinja mwenyewe kwa bismillahi ili naye aweze kula, kisha akaja kuketi nasi mezani mchana, kochi likimmeza nusu. "Sikukuu ni yenu," alisema akinyoosha mkono kwenye sahani, "mbuzi ni wangu." Hakuna Krismasi tuliyowahi kula nyama ngumu.

Ndiyo sababu watu walimjia. Anayetaka ng'ombe wa maziwa alikuja. Anayetaka ngamia wa mahari alikuja. Mwalimu wetu wa Biolojia, mtu wa bara asiyejua beberu na jike mpaka aambiwe, alikuja. Dalali aliwaambia wote misemo ileile miwili. Wa kwanza: mnyama hadanganyi, anayedanganya ni mwenye mnyama. Wa pili aliupenda zaidi, na kwa kuwa kinywani mwake p iligeuka b, ulitoka hivi: "Nunua mfuba, nyama itakuja." Yaani usidanganyike na unono wa leo. Tazama mifupa, tazama urefu wa mguu, nunua yule atakayekua. Mvua ikinyesha, nyama itajileta yenyewe.

Kwa msemo huo ndipo alipomwozesha Hodan.

Hodan ni binti yake wa mwisho, na kwangu alikuwa kama dada mkubwa aliyejua kushona. Alikuja kijana wa Mandera, mfanyabiashara wa kuvusha bidhaa mpakani. Mrefu. Meno yote mahali pake. Kwao wanajulikana kwa ngamia. Dalali alimtazama magoti, akaridhika. Wazee wakaketi, wakanywa chai, wakasoma Fatiha, na Hodan, akiwa nyumbani, akapata habari jioni, mambo yakiwa yamekwisha. Hakupinga. Akaenda Mandera. Mume akawa anavuka mpaka na kurudi, anavuka na kukawia, kisha akavuka na hakurudi tena, na Hodan akashuka kwenye basi Garissa akiwa na begi moja na mtoto mgongoni, Liban.

Talaka ilikuja baadaye, kwa ujumbe wa sauti, kwenye simu ya Dalali. Sasa, Dalali hakusoma ujumbe, alisikiliza. Na alisikiliza kwa sauti ya juu kabisa, simu ameishika mbele ya kifua kama tochi, mahali popote alipo. Tulizizoea salamu za ndugu zake wote. Siku ile alikuwa uani kati ya majirani, mama akianika nguo, mimi nikimwigiza mtangazaji wa mpira kwa ajili ya Liban. Akabonyeza. Sauti ya yule mwanamume ikatoka safi, ikatamka neno la talaka mbele yetu sote, na Hodan amesimama mlangoni na mwiko. Dalali alipapasa simu kutafuta pa kuizima, akaongeza sauti. Tangu siku hiyo aliiweka simu sikioni, akageukia ukuta.

Hodan hakumtukana baba yake hata siku moja. Alimpakulia kwanza, alimfulia, alimpashia maji ya kutawadha. Alichoacha ni kumuuliza. Mtaa mzima ulipanga foleni getini kuuliza, naye ndani ya nyumba ileile alinunua nyanya, godoro, viatu vya mtoto, mashine ya kushonea, bila kusema, "Aabo," yaani baba, "waonaje?" Mzee alikuwa akikohoa mlangoni akiona kitu kipya kinaingia. Hodan alipita na kitu chake.

Basi ukaja wakati wa baisikeli.

Mteja mmoja alikuja kwenye kibanda cha vitambaa cha Hodan na mtoto wake, na mtoto yule alikuwa juu ya baisikeli ndogo isiyo na pedeli wala mnyororo. Magurudumu mawili, kiti, usukani, basi. Mtoto anakaa, anasukuma ardhi kwa miguu, na polepole mwili unajifunza kujisawazisha wenyewe. Liban, ambaye alikuwa anaelekea miaka mitatu, aliipanda kidogo tu, na kumshusha ikawa kazi ya watu wazima wawili. Alilia njia nzima. Akaanza kusukuma sufuria, viti, na mimi.

Wiki hiyohiyo Hodan akaitwa Bura kwenye msiba wa jamaa. Anatoka, begi begani, akasema kwa haraka bila kugeuka, "Redio, kuna duka mjini wanaziuza. Nendeni na Aabo mumchagulie Liban. Pesa nimeacha kwa mama yako."

Uani, maji yaliyokuwa yakimiminika kutoka kwenye birika la Dalali yakakatika.

Geti lilipofungwa akaniita. "Awoowe. Amesema nani achague?"

"Mimi na wewe."

"Lakini mimi, amenitaja?"

"Amekutaja, Awoowe."

"Kwa mdomo wake?"

"Angekutaja kwa mdomo wa nani?"

Hakucheka. Jioni ile alipaka ndevu hina upya.

Kesho yake tulimwacha Liban kwa mama, amelala, tukaenda. Duka lilikuwa la kijana wa bara, limejaa mabeseni, magodoro na vitu vya watoto, na zile baisikeli zilikuwa zimepangwa kando ya mlango. Mbele ya kaunta walisimama wasichana wawili wa darasa langu wakichagua vibanio vya nywele. Nikajua siku imeharibika.

Dalali alizunguka baisikeli ya kwanza, nyekundu, fupi, nyepesi. Akainama. Akainua gurudumu la mbele kama unavyoinua kwato. "Huyu bedeli yake iko wabi?"

"Hazina pedeli, mzee," akasema muuzaji. "Ni za kusukuma kwa miguu."

"Mnyororo hakuna. Bedeli hakuna. Breki hakuna. Huyu mgonjwa ama?"

Wasichana wa darasani wakageuka. Mmoja akanitambua. Nikasoma bei ya beseni kwa makini kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote.

Aliiacha ile nyekundu kwa dharau, akaenda kwa nyingine nyuma yake, kubwa, ya chuma kinene, tairi nono, kiti kiko juu. Akaipigapiga shingoni. Akaisukuma, ikamsukuma. Uso wake ukafunguka. "Huyu," akasema.

Hapo mimi Redio nilifanya kazi yangu. "Awoowe, miguu ya Liban haitafika chini. Hizi lazima miguu ifike."

Alinitazama kwa huruma. "Ndama unamnunua kwa mguu wa leo? Ile ndogo ni mbuzi wa kuchinjwa kesho. Huyu ana mfuba. Mtoto atakua, atamkuta." Akashika ukingo wa sweta langu, lile lile la kukua ndani yake. "Mama yako alikununulia hii ya mguu wa lini?"

Nilitazama mikono ya sweta, imenifunika vidole. Hata muuzaji alitikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa kesi. Na mimi nikaamini kabisa. Mtu hajawahi kutuchagulia mbuzi mbaya miaka yote hii, nani angebishana naye kuhusu chuma?

Kisha akaanza kununua. Kule sokoni kwao bei haitajwi. Dalali na mnunuzi hushikana mikono, shuka ikatupwa juu, na chini ya shuka vidole huzungumza, kidole hiki thamani hii, kuminya huku thamani ile, na watu waliozunguka hawajui kitu. Ni ufundi, na ni heshima. Basi akavua shuka begani, akamtupia kijana wa watu juu ya mkono, akaingiza wake chini yake na kuanza kumminya vidole, akimkazia macho.

"Mzee!" kijana akaruka. "Unanishika mkono kwa nini? Mimi nina mke!"

Wasichana walicheka mpaka vibanio vikaanguka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na mabeseni.

"Anataka kujua bei," nikasema.

"Bei si imebandikwa hapo? Kwa karatasi. Hatupunguzi."

Dalali alitazama ile karatasi iliyoning'inia kwenye usukani, wazi, kila mpita njia aione. "Bei inaachwa uchi hivi?" akauliza kwa upole. "Hamna haya?"

Tukalipa bei ya uchi. Tuktuk Dalali aliikataa: mnyama mpya, alisema, huongozwa kwa miguu ajue njia ya nyumbani. Akafunga shuka kwenye usukani akaivuta mjini kote, kifua mbele, na watoto wakatufuata wakipiga kelele, "Dalali kanunua ndama wa chuma!" Nilitembea hatua kadhaa nyuma, kama mtu anayeelekea kwingine kabisa. Yeye aliwapungia mkono. Sikuwahi kumwona na furaha ile.

Hodan alirudi kutoka Bura alasiri ya siku iliyofuata. Baisikeli ilikuwa katikati ya ua, imefutwa vumbi, na majirani walikuwa wamejileta, kwa kuwa Dalali aliwaambia. Mama alikuwepo. Hodan hata begi hakuweka chini. Nilimwona akiitazama ile baisikeli, kisha baba yake, na usoni mwake kukapita kitu kama cha mtu anayetaka kutabasamu lakini amesahau njia.

Dalali akamwinua Liban, akamketisha, akasema, "Bismillahi. Haya, mwanamume, nenda."

Miguu ya Liban ilining'inia hewani kama soksi kwenye kamba. Akatafuta ardhi kwa vidole vya mguu. Hakuna ardhi. Alinyoosha mguu mmoja zaidi, chuma kikainama upande ule kwa uzito wake wote, na kabla mkono wa mtu haujafika akawa chini, baisikeli juu yake, mdomo umepasuka kwenye saruji.

Watu walicheka kabla ya kuona damu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kicheko changu huwahi, ndiyo sifa yake.

Mama alimwinua, akamfuta, akasema ni mdomo tu, meno yapo. Dalali alikuwa bado ameinama, mikono imenyooshwa mahali mtoto alipokuwa.

"Atakua," akasema.

"Aabo," Hodan akauliza, bila kupaza sauti, "ulipokuwa unachagua, Liban alikuwa wapi?"

"Nyumbani. Amelala."

"Hata mimi nilikuwa nyumbani."

Akampokea Liban kutoka kwa mama, akaingia naye ndani. Mama alinivuta mkono tuondoke, na majirani wakakumbuka kila mmoja sufuria yake jikoni. Nilipotazama nyuma, Dalali alikuwa anajaribu kufungua fundo la shuka yake kwenye usukani, na vidole vile vilivyozungumza na soko zima havikuliweza.

Siku zilizofuata hakukaa getini. Waliokuja kuuliza habari za ng'ombe aliwaambia waende kwa fulani, ana macho bado. Kaka wa rafiki yangu alisema msikitini alisimama safu ya mwisho, yeye ambaye safu ya kwanza ilimngoja. Nilimpelekea thermosi, nikamwambia kwamba kuku wetu anamsalimu. Akasema, "Msalimie." Nikarudi na mzaha wangu mkononi kama sahani ambayo haikuguswa.

Mara ya mwisho niliyokuwa naye, kabla hatujahama, ilikuwa Jumamosi asubuhi. Alimkuta Hodan mlangoni akitaka kwenda kibandani, akamwambia anairudisha baisikeli dukani.

"Rudisha tu," Hodan akasema. "Nitanunua mwenyewe siku nyingine."

"Nunua leo. Mimi nitambeba mtoto tu."

Hodan akanitazama, kana kwamba mimi ndiye mwenye tafsiri. Nikainua mabega. Tukaenda sote wanne, mimi nikisukuma ndama.

Muuzaji alipomwona mzee akaficha mikono nyuma, lakini kwa utani. Alikubali kubadilisha, tairi hazikuwa hata zimechafuka. Dalali alimshusha Liban, akaenda kuketi pembeni juu ya godoro lililokunjwa, bakora katikati ya magoti, macho sakafuni. Sikuwahi kumwona akiwa dukani bila kukagua kitu.

Zilikuwepo mbili fupi, ile nyekundu na ya bluu. Hodan akampandisha Liban ya kwanza, akachuchumaa kutazama nyayo. Zililala sakafuni zote mbili. Akampandisha ya pili, zikalala vilevile. Mtoto akasukuma, akagonga mabeseni, akacheka na mdomo wake wenye kidonda, akasukuma tena. Muuzaji alisifu nyekundu, kisha akasifu bluu. Hodan alisimama kati ya hizo mbili, mkono kiunoni.

"Aabo," akasema. "Ipi?"

Mzee aliinua kichwa. Niliona jicho lile likitaka kukimbilia magurudumu, na nikaona akilirudisha chini kwa nguvu.

"Mimi sijui," akasema.

Nilikuwa nimemjua miaka yote ile na sikuwahi kulisikia neno hilo likitoka kwake. Lilitoka vibaya, limekwaruza. Nami mwenye maneno ya kila kitu nikatazama nje barabarani, ambako hakukuwa na chochote cha kutazama.

Hodan alishika ile ya bluu, akaizungusha mpaka tairi likawa mbele ya baba yake. "Miguu inafika, hiyo nimeona mwenyewe," akasema. "Wewe shika tairi tu, uniambie kama litastahimili mawe ya kwetu."

Dalali alishuka kutoka kwenye godoro, akapiga goti. Akaliminya tairi kwa vidole vyote, akalizungusha, akaliminya tena, muda mrefu kuliko tairi lolote linavyohitaji, uso ameuinamisha hatuuoni.

"Gumu," akasema hatimaye, palepale chini.

"Basi tunachukua hii," akasema Hodan.